Anayegongewa Hakatai

2 Februari

Wifi,

Simu zangu hupokei, kwa hiyo naandika. Usiogope, siombi radhi wala sileti maneno. Nina ombi dogo.

Kaka yako ana boksi la karata lenye picha ya ngome na wanaume waliovaa sketi za mirabaraba. Nililikuta juu ya kabati nilipokuwa natafuta blanketi. Ni mchezo wa koo za Uskoti zinazoibiana ng'ombe. Hayo nimeyapata kwenye karatasi ya maelekezo. Lakini karatasi yenyewe nusu imeliwa na panya, na nusu iliyobaki imejaa mishale na misalaba ya kalamu, na pembeni mtoto fulani ameandika SI KWELI kwa herufi kubwa. Nahisi mtoto huyo ni wewe. Mimi nasahihisha prufu kwenye kiwanda cha kuchapa vitabu, nimezoea kusoma maneno yaliyokatwa, ila hapa nimeshindwa. Inaonekana mlicheza kwa sheria zenu wenyewe.

Nifundishe. Nataka kucheza naye. Yeye kazi zimembana, hana muda wa kukaa anifundishe, na ningependa nimshtukize.

Anakusalimu.

Wifi yako


13 Februari

Mke wa kaka yangu,

Simu yako siipokei kwa sababu sauti huwezi kuiweka mezani isubiri hasira zipoe. Barua unaweza. Hii yako imekaa chini ya mashine ya kusagia lenzi wiki nzima, wateja wamekuja kuchukua miwani yao wameiona, mmoja akaniuliza kama ni ya kudaiwa kodi. Nikamwambia ni mbaya zaidi.

“Anakusalimu.” Hebu mwambie huyo anayenisalimu kwamba mwezi wa Novemba tulimzika mama yake. Watu waliuliza, mwanawe wa kiume yuko wapi? Nikawaonyesha simu: “Kazi imebana. Siwezi kuja. Mzikeni.” Mtu akimwandikia fundi aliyechelewa kuleta kabati humwandikia kwa upole kuliko huo. Kaka yangu niliyemjua mimi angeshuka kwenye nguzo ya umeme na mkanda wake kiunoni akaja kwa miguu. Huyo aliyeandika vile ni mume wako. Mimi simfahamu.

Siku ya harusi yenu nilikwambia: akikushinda, mrudishe kwetu. Ulicheka, ukadhani ni utani wa mawifi. Haukuwa utani na bado neno liko pale pale.

Unataka kufundishwa? Muulize, mama alikuwa anawaitaje wale wanaume wa kwenye karata. Niletee jibu, nami nitakufundisha.

Dada wa mumeo


24 Februari

Wifi,

Nimemuuliza. Amenyamaza.

Sikukuandikia ili nitahiniwe. Kama hutaki kunifundisha sema hutaki, tujue moja. Lakini sitaki nidanganyike kwamba unamlinda mama, au unamlinda kaka yako. Unalinda boksi la karatasi ngumu lisiguswe na mwanamke mwingine. Mwanamke mzima, mwenye cheti cha chuo ukutani, anaona wivu na picha za ng'ombe.

Mwalimu anayemwogopa mwanafunzi ana jambo.

Wifi yako


8 Machi

Mke wa kaka yangu,

Amenyamaza! Kaka yangu hakuwahi kunyamaza kwa swali hilo, hata jino likimuuma. Mama aliwaita Mabwana Harusi Waliochelewa, kwa sababu wamevaa vizuri na kila karata wanakimbia. Tukicheza, mama akipita na beseni la nguo, kaka alikuwa anamwitia, “Mama, bwana harusi wako amefika na ng'ombe!” na mama anajibu, “Mwambie nimeshaolewa, aache ng'ombe aende.” Kama hayo ameyasahau, basi umemfuta vizuri kuliko nilivyodhani. Hongera.

Wivu, ndiyo, ninao. Wewe umepata mtu mzima mwenye mshahara. Mimi nilikuwa naye homa zote.

Haya, sikiliza, sirudii.

Kila mtu ana ukoo wake. Kulungu ni wa kaka, huo usiuguse, hakuna aliyewahi kuucheza isipokuwa yeye. Paka-mwitu ni wangu. Wewe chukua Kunguru. Watakufaa: huja bila kuitwa na hawaondoki mikono mitupu.

Ngome unaiweka mbele yako. Wapiganaji kushoto na kulia. Ng'ombe, wale wenye manyoya marefu kama hawajawahi kuona mkasi, unawaweka nje ya ngome, maana ndipo wanapoibiwa. Karata zilizobaki zinalala katikati. Ikifika zamu yako unavuta moja, kisha unachagua: uibe, ujilinde, au utoe karata ya suluhu. Mpiga zumari anakuitia msaada wa jirani, mara moja tu. Asiye na ng'ombe hata mmoja ametoka mchezoni. Karata ya theluji ikitokea mchezo umeisha, anahesabiwa mwenye ng'ombe wengi.

Kabla ya kuanza, kila mtu anamficha mkuu wa ukoo wake chini ya ngome. Zamu yako ya kwanza, mtoe mkuu wa mwenzako. Mvute tu. Atazuia kwa mkono, ndivyo mchezo ulivyo. Wewe vuta usiogope. Aliyemtoa mkuu wa mwenzake ndiye anayeongoza.

Hayo ndiyo yote.

Dada wa mumeo


30 Machi

Wifi,

Nakaa niandike kabla sijapoa, kwa sababu nikipoa nitakuwa na adabu.

Kaka yako alianguka kutoka kwenye nguzo mwezi wa Septemba. Aliangukia kichwa na bega. Mkono wake wa kulia haufungi. Hasemi. Si kwamba ananyamaza kwa kiburi kama unavyopenda kuamini, hasemi. Asubuhi namfunga vifungo vya shati, kisha naenda kwenye prufu zangu, na jirani wa mkabala anakaa naye mpaka nirudi. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo aliniambia nitafute kitu ambacho mikono yake ilikijua tangu utotoni. Nilipomwonyesha lile boksi aliweka kiganja juu yake, na hakukiondoa mpaka chai ikapoa. Ndiyo maana nilikuandikia. Mwisho wa Aprili madaktari watamtazama upya. Wasipoona dalili kwamba anaelewa, watasimamisha mazoezi ya mkono na ya kusema. Tutabaki kumlisha na kumgeuza.

Sasa nikueleze mchezo wako.

Niliweka meza karibu na dirisha, jua linaingia. Nikagawa Kulungu na Kunguru. Nilifikiri nitalazimika kumpangia. Alipanga mwenyewe, kwa mkono wa kushoto, ngome, wapiganaji, ng'ombe mmoja mmoja. Kisha akamchukua mkuu wake, akainua ukingo wa ngome, akamwingiza chini. Taratibu, kama mtu anayemfunika mtoto. Nilitaka kukimbia nje nimwite jirani aje aone. Nikajizuia, nikasema nisiharibu mchezo.

Ikaja zamu yangu. Nikamvuta mkuu wake. Akazuia kwa mkono. Wewe ulisema atazuia. Nikavuta. Akakandamiza ngome kwa kiganja chote. Ulisema nisiogope. Nikavuta, wifi, nikitabasamu, nikidhani tunacheza. Akatoa sauti. Ya kwanza tangu aanguke. Haikuwa neno, ilikuwa kama meza nzito inayoburutwa kwenye sakafu ya juu. Akafagia karata zote zikaanguka chini, na tangu siku hiyo boksi halitazami.

Nilipoziokota nikaisoma tena ile karatasi iliyoliwa na panya. Kuna mstari umebaki mzima: mkuu aliyefichwa haguswi na mkono wa mgeni mpaka theluji ianguke. Pembeni yake hukuandika SI KWELI. Uliandika KWELI KABISA, ukapiga mistari chini yake. Mstari huo niliuona hata kabla ya kucheza. Nikasema, sheria zao wanazijua wenyewe. Hilo ndilo kosa la msahihishaji mjinga: niliuona ukweli kwenye karatasi nikamwamini mwandishi.

Sasa kugonga kumezidi. Anagonga mchana kutwa, kwa mkono wa kushoto, kwenye meza au ubao wa kitanda. Mara mbili, ananyamaza. Baadaye tena, mara mbili. Nikimpa maji hataki. Nikimgeuza hataki. Nikifungua dirisha, hataki. Alikuwa anagonga tangu atoke hospitali, lakini sasa haachi. Majirani wa chini wamepanda kulalamika, nikawaambia kuna fundi. Sikusema uongo.

Ulitaka nishindwe nichekwe. Basi nimeshindwa. Cheka.

Wifi yako


9 Aprili

Wewe,

Kwa hiyo ule ujumbe ni wewe. “Mzikeni.” Ulikaa ukauandika kwa vidole vyako kwenye simu ya kaka yangu, ukabonyeza, ukaendelea na prufu zako.

Tangu Septemba! Mama alikuwa hai Septemba. Alikuwa analala ameelekea mlango. Kila kiatu kilichopita koridoni alifungua macho, kisha anafunga, kisha ananiambia, “Labda kesho.” Nikawa nasema, “Labda kesho, mama.” Nilikuwa naye wiki za mwisho namchukia kaka yangu kwa niaba yake, na yeye akaniomba nisimchukie, na nikamkatalia mtu anayekufa. Ungenipigia. Ungenitumia maneno mawili tu, “Ameanguka.” Ningekuja kumbeba mgongoni.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Wewe umefichua mwenyewe baada ya kifo cha mtu mwingine.

Unaniambia uongo wangu ulimuumiza. Uongo wangu ulimtoa sauti. Huo wako ulimfanyia nini mama?

Siku nitakayokuja huko sitapiga hodi. Kwa kaka yangu sibishi hodi.

Dada yake


10 Aprili

Jana sikuisoma barua yako mpaka mwisho. Niliishia kwenye ile sauti, nikaikunja, nikakuandikia. Leo nimeifungua tena dukani, mashine inazunguka, nikafika pale anapogonga. Nimeharibu lenzi ya mteja. Nimeisaga mpaka ikabaki kama punje.

Nijibu. Anagonga kwa vifundo vya vidole, si kwa kiganja? Mara mbili, kisha mkono unabaki pale pale juu ya meza, hauondoi?

Kama ndivyo, haombi maji.

Kuna sheria sikukwambia. Haipo kwenye karatasi, hata kabla ya panya haikuwepo. Tuliitunga nikiwa na miaka saba kwa sababu nilikuwa nalia kila nikitolewa mchezoni, na mama alituambia tusipoacha kelele atazitumia kuwashia jiko hizo koo zote. Sheria ni hii: aliyeishiwa ng'ombe anaweza kugonga meza mara mbili. Akigonga, mwenzake anampa ng'ombe mmoja. Haulizi, hasemi “nilikwambia,” hampi kwa masharti. Anayegongewa hakatai. Ni sheria pekee ambayo hatukuwahi kuivunja, hata tulipokuwa tumenuniana wiki nzima.

Mimi niligonga mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Kaka alikuwa ananisogezea ng'ombe huku anatazama pembeni na kucheka kidogo, kama mtu aliyekumbuka jambo jingine. Yeye hakuwahi kugonga. Kuna siku nilimwibia wote, mpaka yule wa mwisho mwenye pembe iliyochanika. Akakaa mkono mezani, vidole amevikunja, nikajua anataka. Nilikuwa nimeshamshika ng'ombe tayari nimpe. Kisha akaufungua mkono akasema, “Umeshinda, Paka.” Alikubali kutolewa kuliko kuomba.

Sasa anagonga. Mtu yule anagonga. Anasema nimeishiwa, nipe mmoja nibaki mchezoni. Amekuambia hivyo tangu mwaka jana, mchana kutwa, kwa lugha pekee iliyombakia, na wewe unampelekea bilauri ya maji.

Au labda alikuwa ananigongea mimi. Sitaki kulifikiria hilo, lakini niliandike ulione.

Fanya hivi. Mkuu wake usimguse, aliyejificha aachwe. Panga karata mbele yake hata kama hatazami. Kisha mwibie kweli. Usimhurumie, atajua, alikuwa anajua hata mimi nilipokuwa najifanya sijaona. Mwibie mpaka abaki hana kitu. Akigonga, mpe ng'ombe mmoja, na usimtazame usoni.

Sijakusamehe. Nimekupa sheria kwa sababu ni yake.


2 Mei

Wifi,

Kwa vifundo vya vidole. Ndiyo. Na mkono hauondoi.

Nimeisoma barua yako nimesimama kwenye ngazi, na nikakaa kwenye ngazi. Kila bilauri niliyompelekea nimeikumbuka. Uliandika ili iniume, na imeuma, kwa hiyo tuendelee.

Siku ya kwanza hakutazama. Nilipanga Kulungu mwenyewe, nikamficha mkuu wake chini ya ngome, nikaondoa mikono yangu mahali ambapo angeiona. Nikacheza zamu yangu. Zamu yake nikasubiri. Siku ya pili vile vile. Siku ya tatu mkono wa kushoto ukatoka chini ya shuka ukavuta karata, kama paka anayejifanya hana haja na samaki.

Nikamwibia. Sijui kama unajua ugumu wa kumwibia mtu ambaye asubuhi umemfunga vifungo. Kila ng'ombe niliyemchukua nilitaka kumrudisha. Mpiga zumari wake alimwita mapema mno, nadhani alichanganya, nikauma ulimi nisimwambie. Nikachukua wote. Yule mwenye pembe iliyochanika nilimchukua mwisho.

Akagonga.

Nilimsukumia yule yule. Sijui uso wake ulikuwaje, maana ulinikataza kuutazama, nilitazama mkono. Ulikaa. Kisha ukamfunika ng'ombe kwa kiganja chote, ukamvuta mpaka mbele ya ngome, ukamweka sawa, ukamgeuza kidogo ili pembe zielekee kwangu.

Siku ile hakugonga tena, wala kesho yake. Jirani wa chini akanikuta kwenye ngazi akauliza, “Yule fundi wenu amemaliza?” Nikamwambia ndiyo kwanza ameanza.

Siku ya kutazamwa nilibeba boksi hospitali. Daktari alikuwa na haraka, ana faili mkononi, anasema na mimi kana kwamba mume wangu ni kiti. Nikamwomba atuvumilie kidogo tu. Nikapanga karata juu ya meza yake. Kaka yako akaketi mchezo wote bila kuiba hata mara moja, analundika wapiganaji, nami nasema leo, leo ndiyo amechoka. Kisha akamtoa mpiga zumari, na kwa zamu moja akanifagia ng'ombe wote. Wote, mbele ya daktari. Daktari akaweka faili chini. Akasema, “Huyu alikuwa anakusubiri.” Kisha akamgeukia yeye, si mimi, akamwambia, “Bwana, mtu anayeiba kwa mpango namna hii hatuwezi kumwacha.” Mazoezi yanaendelea. Wameongeza siku za mazoezi ya kusema.

Na mimi nikagonga. Pale pale, sikuwa na namna, nilikuwa nimeishiwa. Kuna jambo hukuniambia kwenye barua yako ndefu: hukuniambia inavyouma kugonga. Akanipa.

Sasa lako. Uliuliza kwa nini sikukupigia. Septemba wewe mwenyewe uliandika kwenye simu yake: mama ni mgonjwa, habari yoyote mbaya isimfikie. Nikatii. Kisha mama akafa, na nilikuwa hospitali namshikilia huyu wasimchome sindano mara mbili, na simu yake ikalia mkononi mwangu. Ningekuambia ameanguka, ungekuja. Na ungekuja na lile neno lako la siku ya harusi: akikushinda, mrudishe. Hakuwa amenishinda. Nikaandika nilichoandika. Kuhusu mama sina la kusema litakalotosha, kwa hiyo sisemi.

Wifi yako


11 Mei

Mke wa kaka yangu,

Nimeomba ruhusa kazini. Nakuja kumchukua.

Usirukie kalamu, soma kwanza. Chumba cha mama nimekipaka rangi. Kina dirisha kubwa na hakina ngazi. Mkabala na sisi anakaa muuguzi mstaafu anayelalamika kwamba hana mgonjwa. Wewe unaishi ghorofa ya tatu na unashinda kiwandani, na mume wako anatunzwa na jirani ambaye hata jina la ukoo wake wa karata halijui. Neno langu la harusi nililisema kwa ubaya, nakubali. Lakini hata maneno mabaya huwa na ukweli ndani yake, na wewe unajua: imekushinda mara moja, ndiyo maana uliniandikia.

Umempa ng'ombe mmoja, umempa vizuri. Mimi nilipewa naye miaka yote. Ni zamu yangu kumlipa.

Utakuwa umeona kwamba ukoo wa Paka haumo kwenye boksi. Ninao mimi. Niliuchukua siku ya harusi yenu, watu wakiwa kwenye picha. Nilisema, akitaka kucheza na mke acheze bila mimi, aone kama mchezo utanoga. Upo kwenye droo ya lenzi, pamoja na macho ya watu wengine.

Nijibu jambo moja kabla sijafika. Alipokupa yule ng'ombe kwa daktari, alicheka? Mimi hakuwahi kunipa bila kucheka.

Dada yake


20 Mei

Wifi,

Barua yako nimemsomea. Yote, kwa sauti, pamoja na rangi ya chumba cha mama na muuguzi asiye na mgonjwa. Nilifika kwenye “nakuja kumchukua” nikataka kuruka mstari. Sikuruka. Nimeruka mistari ya kutosha kwenye maisha ya mtu huyu.

Alipomsikia mama akitajwa aligeuza uso dirishani. Alijua kwamba amekufa, nilimwambia Novemba ile ile, lakini hakuwa amejua habari ya kulala ameelekea mlango. Nimemsomea na barua ile pia, ya tisa Aprili. Ilikuwa yake kabla haijawa yangu. Alilia kwa upande mmoja wa uso, na mimi nikakaa. Sikumpelekea maji.

Kisha akalivuta boksi.

Alianza kugawa yeye. Hajawahi, mkono wa kushoto huzimwaga. Akaniwekea Kunguru. Akajiwekea Kulungu. Halafu akachukua karata za katikati, moja moja, akaanza kuziweka upande wa tatu wa meza, mbele ya kiti ninachorundikia nguo za kupiga pasi. Nikadhani amechanganyikiwa. Nikazikusanya nikazirudisha katikati. Mikono yangu imezoea kusahihisha. Akazitoa tena, akazipanga pale pale. Nikazirudisha. Akazitoa. Mara ya tatu akaushika mkono wangu akauweka chini ya meza, kama unavyowekwa wa mtoto mtundu, na akatazama nguo. Nikaondoa nguo kwenye kiti.

Tukacheza watu watatu, mmoja hayupo. Zamu ya kiti ikifika alikuwa anasubiri. Hakuiba ng'ombe wa kile kiti hata mmoja, na mimi nilipojaribu alinipiga kofi mkononi.

Kwa hiyo soma vizuri. Huji kumchukua. Hakuna anayechukuliwa hapa. Mkuu aliyefichwa haguswi na mkono wa mgeni, kweli kabisa, uliandika mwenyewe na ukapiga mstari. Chumba cha mama kiache wazi, huenda siku moja akataka kukiona, na hilo atalisema yeye, kwa njia atakayoipata. Unakuja kukaa kwenye kiti. Lete ukoo wako. Unavuja, huo mchezo, bila Paka; kila zamu ya tatu upepo unaingia.

Usitarajie mapenzi. Utalala kwenye kochi, na kochi ni fupi. Nitakuibia ng'ombe wako wote, na nitakumbuka lile neno la bilauri kila ninapokuibia.

Swali lako la kucheka silijibu. Hilo halisomwi, wifi, linasikilizwa.

Uliandika kwamba kwa kaka yako hubishi hodi. Ni ghorofa ya tatu, mlango wa kijani, na kengele ilikufa kabla hatujahamia. Kitasa nafunga kwa ndani. Utabisha hodi kama watu wote: kwa vifundo vya vidole, mara mbili, na mkono usiuondoe. Sheria ni yenu, na katika nyumba hii bado haijavunjwa.

Wifi yako, wa ukoo wa Kunguru